Buibui Begani mwa Mama Mkwe

Buibui yule aliingia nyumbani kwetu siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa sebuleni nasahihisha insha za wanafunzi juu ya uaminifu. Binti yangu alikuwa amembeba katika sanduku la kioo, amelikumbatia kifuani, na kabla sijauliza chochote akaniambia:

"Papa, usisimame mbio. Madame hapendi mutikisiko."

Nilisimama mbio. Ndani ya sanduku, juu ya udongo mkavu, alikuwa ametulia buibui mwenye ukubwa wa kiganja changu, mweusi, mwenye manyoya, na ambaye kwa utulivu wake alionekana kuwa ndiye mwenye nyumba na mimi ndiye niliyeletwa.

Nilielezwa kwamba Madame ni jina lake, kwamba aina yake huitwa tarantula, kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwamba mhandisi mmoja wa kigeni wa mtaa wa Golf, aliyekuwa akiwafuga, alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi kwao bila kuweza kupanda nao ndege. Binti yangu, mwanafunzi wa biolojia katika chuo kikuu, alikuwa amekwenda kwake mara nyingi kuwatazama. Sasa alikuwa amepewa mmoja, na juu ya huyo mmoja alikusudia kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo: jinsi tarantula anavyokula, jinsi anavyokataa kula, na uzito wake unavyopanda na kushuka. Kazi hiyo ilimtaka amchunguze kiumbe huyohuyo kila siku, kwa mwaka mzima, bila kukosa.

Nikamhutubia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kifaransa na somo la maadili, na mke wangu husema kwamba hata nikiomba chumvi mezani huanza na utangulizi. Nilimkumbusha binti yangu kwamba binadamu hufuga wanyama ili wamlishe, wambebee mizigo au wamlindie lango. Kwamba kiumbe asiyefaa kwa lolote kati ya hayo hana haki ya kudai paa. Na kwamba nyumba ya Mkristo, tena ya mwalimu, tena katika Kamalondo, ambako ukikohoa, parsela ya tatu, yaani kiwanja cha tatu kutoka kwako, inakupa pole, si mahali pa majaribio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama nilivyomlea.

"Papa, umemaliza? Basi unishikie mufuniko."

Nikamshikia mfuniko.

Kutoka kushika mfuniko mpaka kumshika Madame mwenyewe ilichukua wiki tatu. Masomo ya binti yangu ya maabara yalikuwa mchana, na mimi hurudi kutoka shuleni saa saba na nusu. Kwa hiyo kazi ya kumpima uzito ilinifikia mimi, kwa sababu mke wangu alikuwa ameapa kutokikanyaga kile chumba. Kumpima kulimaanisha kumtoa sandukuni na kumweka katika bakuli juu ya mizani ya jikoni, na kumtoa kulimaanisha mkono wa mtu.

Binti yangu alinifundisha kwa ukali ambao niliutambua kuwa ni wangu. Mkono uoshwe kwa maji matupu, usinuke sabuni wala mafuta. Mtu akae sakafuni na mkono wake usipande juu ya magoti, maana tumbo la tarantula ni kama mfuko mwembamba wa maji, na akianguka kutoka kimo cha meza hupasuka na kufa. Kiganja kiwekwe mbele yake, wazi, na miguu yake ya nyuma iguswe kidogo kwa brashi; atapanda mwenyewe akitaka, na asipotaka utarudi kesho. Usimkamate. Usimharakishe. Na zaidi ya yote usimpumulie, kwa sababu pumzi ya kiumbe mkubwa kwake ni habari ya kuliwa.

Siku ya kwanza aliponipanda, nilihisi miguu minane ikikanyaga kiganja changu mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kuliko wageni wengi niliowahi kuwapokea. Alisimama pale. Sikupumua. Kisha akaingia bakulini, nami kwa furaha nikashusha pumzi ndefu, moja kwa moja mgongoni pake. Alichofanya ni kujikwangua tumbo kwa miguu ya nyuma, akanirushia kifundoni mwa mkono vumbi la manyoya ambalo jicho halilioni. Kesho yake nilifundisha madarasa mawili somo la kujitawala huku nikijikuna mpaka kiwiko.

Hata hivyo, sitaficha: nilimpenda. Mtu wa umri wangu hategemei tena kujifunza mwenendo mwema kutoka kwa yeyote, sembuse kutoka kwa mdudu. Lakini Madame aliweza kufunga kula wiki sita kwa hiari yake, mende mnono akipita mbele yake, bila kumwonyesha mtu yeyote kwamba amefunga. Nilimtaja darasani kama mfano wa kiasi. Nilisema tu "bibi mmoja ninayemfahamu."

Mke wangu hakushiriki katika elimu hii. Alivumilia miezi kumi. Alivumilia jirani yetu mshonaji, aliyekuwa akimwuliza kila asubuhi kutoka upande wa pili wa ukuta kama "ile kintu" imekwisha kuzaa. Alivumilia wamama wa kikundi cha sala waliohamisha mkutano wao kutoka sebuleni kwetu bila kutoa sababu. Kisha siku moja, akifagia ukumbi, alikuta mende watatu waliotoroka kwenye chakula cha Madame, na jambo ambalo buibui hakuweza kulifanya mende walilifanya. Alichukua simu akampigia mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi Mokambo. Kwa miaka thelathini amevusha unga, sabuni na vitenge kutoka Zambia, na nimesikia kwamba pale mpakani maofisa wakimwona anakuja hutafuta kalamu ili waonekane wana kazi. Katika ukoo wa mke wangu, yeye akikata neno, halirudiwi. Alisema kwamba Jumamosi atakuja, ataona kwa macho yake, na atakata.

Binti yangu, ambaye bibi yake humwita Kambo, aliposikia alikaa kitini akashika kichwa.

"Papa, imebakia miezi mbili. Kambo akisema itoke, itaenda wapi? Hakuna mwenye kumupokea. Na kazi yangu yote inakufa."

"Utamweleza mwenyewe," nikamwambia. "Wewe ni mjukuu wake, unaweza kumketia mapajani. Mimi unajua hali yangu."

Hali yangu ilikuwa hii: kwa miaka ishirini na miwili sikuwa nimesema na mama mkwe wangu neno hata moja. Hatukuwa na ugomvi, ilikuwa heshima. Watu wengi mjini siku hizi hula meza moja na mama wa mke, hucheka naye, hata humwomba nambari ya simu. Mimi niliishika desturi ya bukwe kama nilivyoikuta: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hapiti mbele yake, na akiwa na neno humpa mtu wa tatu alipeleke, hata kama wote watatu wako chumba kimoja na wote wanasikia. Alipotutembelea, nilitumia mlango wa jikoni. Kiti changu kilikuwa ukumbini, kando ya mlango wa sebule, kimegeukia kabati la vitabu. Nilijivunia jambo hilo, na niliwahi kulieleza mbele ya wazazi wa wanafunzi kwa muda wa dakika arobaini.

Jumamosi ikafika, na mama mkwe naye, na mifuko minne. Saa nane mchana, ugali wa bukari na mboga ya sombe vikiwa vimeondolewa mezani, simu ya binti yangu ililia: profesa amerudisha somo la maabara lililokosekana, na asiyefika anapewa sifuri. Alinitazama, nikatazama vitabu.

"Papa, uongee pahali pangu. Tafazali. Ueleze vizuri, lakini usifanye utangulizi."

Akaondoka mbio. Nikabaki na kiti changu ukumbini, mama mkwe kwenye kochi la sebuleni, na mke wangu amesimama mlangoni kati yetu, ndiye njia ya maneno.

"Umwambie mama," nikaanza, nikilitazama kamusi kubwa la Kifaransa, "kwamba ninamsalimu kwa heshima zote, na kwamba suala lililo mbele yetu, tukilichukua kwa mapana yake—"

"Mama, anakusalimia," akasema mke wangu.

"Nami minamusalimia. Umuulize: ni kweli mu hii nyumba iko buibui yenye kulala mu sanduku ya kioo, wakati mutoto wangu analala mu chumba yenye kuvuja?"

"Anauliza—"

"Nimesikia. Umwambie mama kwamba paa limeshughulikiwa, na kwamba huyo buibui ni masomo ya mtoto. Imebaki miezi miwili. Akiondoka leo, mwaka mzima wa mtoto umepotea."

"Anasema ni masomo."

"Masomo," akarudia mama mkwe, kama anavyopima kitambaa ambacho muuzaji amekisifu mno. "Bon. Siwezi kukata kintu sijaona. Bailete hapa."

Mke wangu alinigeukia. Macho yake yalisema kwamba kuna mambo mke huahidi kanisani na kuna mambo ambayo hata padri hakuyataja. Basi ilinipasa nilibebe sanduku mimi mwenyewe, na nililazimika kuingia nalo katika chumba ambamo mama mkwe amekaa, bila kumtazama wala kumwonyesha uso.

Nikaingia kinyumenyume.

Nafikiri hata sasa kwamba hapakuwa na njia nyingine ya heshima. Nilitembea hatua kwa hatua nikiwa nimempa mgongo, sanduku kifuani, mke wangu akiniongoza: "Kushoto. Kushoto yako. Bado kiti." Nilipofika kwenye meza ndogo iliyo mbele ya kochi nililizungusha sanduku upande, nikalitua kwa kupapasa, nikarudi ukumbini moja kwa moja, nimeridhika. Kile ambacho sikukiona, kwa kuwa desturi ilinikataza kugeuka, ni kwamba kifungo cha koti langu kilikuwa kimenasa kwenye ukingo wa mfuniko na kuuvuta.

Nilisikia mama mkwe akiegemea mbele.

"Mu hii sanduku haimo kintu," akasema.

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya kujifungua:

"Mama! Iko mu kikwembe yako! Iko inapanda!"

Na hatua zake zikipita jikoni, na mlango wa nje ukijifunga, na sauti yake tena, sasa ikitoka dirishani upande wa nje: "Mama, toa sandale! Piga!"

Kabati langu la vitabu lina milango ya kioo. Sikugeuka. Lakini kioo kilinionyesha yaliyokuwa nyuma yangu, na nilijihukumu papo hapo kwamba kutazama kioo si kutazama mtu. Nilimwona mama mkwe amesimama wima katikati ya sebule, sandale mkononi, mkono umeinuliwa. Madame alikuwa amefika kwenye nyonga yake, juu ya ua kubwa la njano la kikwembe, kitenge alichojifunga, anapanda polepole kama anavyopanda daima, bila nia mbaya hata chembe.

Niliona vifo viwili, na mwaka mmoja wa masomo ukipotea. Sandale ikishuka, Madame amekwisha. Akipanguswa aanguke kutoka kimo kile, amekwisha vilevile. Na mtu wa kupeleka maneno yangu alikuwa nje, ameshika nondo za dirisha.

"Mwenye kunisikia," nikaliambia kamusi kwa sauti kubwa, "amwambie mama asipige. Buibui huyu hana ubaya."

Mama mkwe hakuwa mwanamke wa kushindwa desturi na mtu mwenye diploma. Alitazama kushoto na kulia.

"Weye meza," akasema, "umuambie ule mwalimu: mwenye kupeleka habari alishakimbia. Na hii kintu ilishafika ku tumbo."

"Kabati hili limwambie mama kwamba akisimama vile, mdudu akianguka atapasuka. Akae chini sakafuni, taratibu."

"Meza, muulize: mi na hii magoti yangu, nikae chini, nani ataniinua?"

Katika kioo nilimwona Madame akivuka kifua na kufika begani, karibu na shingo, na mama mkwe akikunja midomo na kujaza mashavu hewa, kama mtu anayetaka kupuliza nzi. Nilijua kifuatacho. Angempulizia, Madame angejikwangua, manyoya yangeingia machoni mwa mama wa mke wangu, sandale ingeshuka, na hakuna profesa, padri wala baraza la ukoo ambalo lingeturudisha tulipokuwa.

"Mama," nikasema, "usipumue!"

Miaka ishirini na miwili. Neno lilikwenda moja kwa moja, bila mtu wa kati, bila meza. Mama mkwe akabaki na mashavu yake yamejaa.

"Toa hewa pembeni, mama, kwa pua. Vile. Sasa ukae, mama. Shika kochi kwa mkono mmoja. Nitakuinua—" nikakumbuka nani anaongea na nani, "—mwanao atakuinua."

Akashuka. Nilisikia magoti yake yakilia, kisha kikwembe kikigusa sakafu.

"Fungua kiganja mbele yake, begani. Wazi kabisa, usikunje vidole. Kwa ncha ya leso umguse nyuma, kidogo tu."

Katika kioo niliona mkono ule, uliozoea kufunga magunia, ukifunguka karibu na shingo. Leso ikagusa. Madame alinyoosha mguu mmoja, akapima, akaweka wa pili, kisha akahamia kiganjani mzima mzima na kutulia. Mama mkwe alimshusha mpaka mapajani.

"Eh," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mwepesi. Haina hata uzito ya yai. Na njo hii inakimbiza bamama ba sala?"

Nilichukua sanduku mezani, nikapiga magoti, na kulisukuma sakafuni kinyumenyume kuelekea kwake, maana, ingawa mdomo ulikuwa umevunja sheria, macho yalikuwa bado hayajavunja. Alimwelekeza Madame ndani kwa leso kana kwamba wamefanya kazi pamoja mpakani, akafunika yeye mwenyewe, akaukaza mfuniko.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyotukuta, akirudi mapema kwa kuwa profesa aliita majina tu na kuwaachia: mama yake nje ya dirisha, baba yake amepiga magoti akiwa amempa bibi mgongo, na bibi yake sakafuni ameweka mkono juu ya sanduku. Jambo la kwanza aliloomba ni daftari.

"Kambo, alikupanda? Alirusha manyoya? Hapana? Na wewe ni mutu mugeni kwake! Papa, uandike saa!"

Mke wangu alirudi ndani kwa mlango wa jikoni, akamwinua mama yake, na wote tukangoja. Mama mkwe alikinyoosha kikwembe chake. Hakuharakisha.

"Nilikuya kukata neno, nitakata. Hii buibui ibakie mpaka mutoto amalize masomo yake. Ilinipanda, ni kweli. Lakini ilipanda polepole, haikuniuma, na haikunisemesha." Akamgeukia mke wangu. "Mwenye kukosa heshima mu hii nyumba, njo huyu bwana wako. Miaka makumi mbili na mbili ninangoja kusikia sauti yake, na neno ya kwanza anaona ya kuniambia ni: usipumue?"

Binti yangu alificha uso nyuma ya daftari. Mimi nikarudi kwenye kiti changu na kulitazama kamusi.

Kwa desturi ya ukoo wao, mkwe aliyemsemesha mama mkwe kabla ya kufunguliwa mdomo huleta kuku mweupe. Kuku akiliwa na wote wawili kutoka sahani moja, bukwe unalegea, na maneno na kutazamana vinaruhusiwa. Nilimleta kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi, ya sehemu tatu, juu ya ulazima unaoweza kutangulia adabu bila kuifuta. Nilikaa mezani nikimtazama usoni, na nikakuta ana macho ya binti yangu, jambo ambalo kwa miaka yote nililikosa kwa sababu ya heshima.

Alinipa paja. Nikala. Alikula kipapatio, akanawa mikono, akaifuta kwa leso ileile.

"Mama," nikaanza, "tukilichukua suala hili kwa mapana yake—"

"Ngoja kwanza," akasema. "Weye ulishasema yako, na mi nilitii, nilishika pumzi. Sasa ni zamu yangu. Niko na bintu bya kusema bya miaka makumi mbili na mbili, na basi ya Mokambo inaenda kesho." Akasogeza kiti karibu. "Tuanze na ile kostime ulivaa siku ya ndoa."